Karma na haki za watu: mwongozo kamili wa kuyabeba matendo yako

Neno karma limeshahamia Lamu. Utalisikia kwenye baraza za Mkunguni, utalisoma kwenye fulana za wageni wanaokuja Shela kufanya yoga, na usiku utalikuta kwenye WhatsApp chini ya habari ya mfanyabiashara aliyefungiwa duka: "Karma hiyo! Alidhani tumesahau." Likitumiwa hivyo, karma siku zote ni ya mtu mwingine. Sijawahi kumsikia mtu barazani akisema, "Hii ni karma yangu mimi."

Huko lilikotoka, neno hili humshika kwanza yule anayelitamka. Mwongozo huu unalirudisha hapo: namna ya kupima jambo kabla hujalifanya, kujua lipi ni lako na lipi limekufika tu, kumrudishia mtu haki yake, na la kufanya pale uliyedhulumiwa ni wewe. Huhitaji kubadili dini. Wasomaji wangu wengi ni Waislamu, na pale njia zinapoachana nitasema waziwazi.

Kwanza, karma yenyewe inasema nini

Asili yake ni India. Upanishadi, maandiko ya Kihindu yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, yanasema kwamba mtu huwa mwema kwa kutenda mema na huwa mwovu kwa kutenda maovu. Hayasemi kwamba mwovu atapigwa na radi. Yanasema tendo humfinyanga mtendaji. Anayepunja mizani leo kwa gramu chache, kesho mkono wake unakuwa mwepesi zaidi, na miaka ikipita hajui tena kwamba anapunja. Kuwa mtu wa namna hiyo ndiyo adhabu ya kwanza, na inaanza kabla jirani hajajua lolote.

Wahindu waliigawa karma mafungu matatu. Sanchita ni limbikizo lote la matendo ya tangu maisha yaliyopita. Prarabdha ni sehemu ya limbikizo hilo iliyokwisha kuiva, inayoliwa katika maisha haya. Agami ni ile unayoitengeneza sasa kwa mkono wako. Katika hayo matatu mtu ana uwezo juu ya moja tu, la mwisho, na hilo ndilo tutakaloshughulika nalo.

Buddha, mwalimu wa India aliyeanzisha dini ya Ubudha, alilisogeza jambo ndani zaidi, akafundisha kwamba karma ni kusudio. Ukimkanyaga mtu gizani kwenye kichochoro cha Langoni bila kumwona, na ukimkanyaga kwa makusudi, maumivu ni yale yale lakini matendo ni mawili tofauti. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wakashika upande wa pili: kwao karma ni kitu halisi, laini mno, kinachoganda kwenye roho, na hata madhara ya kutokusudia yana uzito. Ndiyo maana watawa wao hufagia njia wanapopita, wasije wakakanyaga mdudu.

Imani hizi si ngeni pwani yetu. Wafanyabiashara wa Gujarat walikuwa wakija na upepo wa kaskazi karne nyingi kabla ya reli, na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498 alikuta vyombo vya Wahindi bandarini. Wareno wakadhani wale ni Wakristo. Haikuwa mara ya mwisho kwa mgeni kuikosea imani ya watu aliowakuta hapa.

Sasa njia zinapoachana. Uislamu haukubali kuzaliwa upya katika mwili mwingine. Hesabu kamili ni ya Siku ya Kiyama, mbele ya Mola anayeweza kusamehe. Kwa Wabudha na Wajaini karma hufanya kazi yenyewe, haina hakimu wa kuombwa. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kuifunika kwa adabu. Lakini mazoezi ya kila siku yanakaribiana mno. Qurani inasema atakayetenda wema uzito wa chembe atauona na atakayetenda uovu uzito wa chembe atauona, na kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwenziwe. Umar bin al-Khattab amepokewa akisema jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Masheikh huliita zoezi hilo muhasaba. Hatua nyingi za hapa chini unaweza kuzisoma kama muhasaba na usipungukiwe na kitu.

Hatua ya 1: Pima mara tatu

Buddha alikuwa na mtoto wa kiume, Rahula, aliyeingia utawani angali mdogo. Somo alilompa ni jepesi kulieleza: kabla hujatenda, jiulize kama jambo hilo litakudhuru wewe, litamdhuru mwingine, au wote wawili. Wakati unatenda, jiulize tena. Ukishatenda, jiulize mara ya tatu. Ukigundua baadaye kwamba ulidhuru, nenda ukaliseme kwa mtu mwenye busara, na ujizuie usilirudie. Somo hilo linahusu matendo, maneno na hata mawazo.

Tulipeleke jetini. Nahodha wa boti ya abiria yuko Mokowe, basi la mwisho limeshusha watu, chombo kimeshajaa. Watu watano wamebaki juu ya gati na mizigo yao, mmoja ni mama mwenye mtoto mgongoni. "Baba, usituache, tutalala wapi?" Jaketi za kuokolea maisha hazitoshi hata kwa waliokwisha kuketi, na kusi linavuma.

Kipimo cha kabla ndicho kigumu zaidi hapa, kwa kuwa madhara yamevaa nguo ya huruma. Nahodha anajiambia anawasaidia. Basi aziondoe nauli tano katika hesabu, aone kama huruma inabaki. Ikibaki, atapata njia nyingine: atampigia mwenzake simu aje na boti ya pili, au atarudi mwenyewe safari nyingine. Ikiyeyuka, ameshajua kilichokuwa kinasema.

Kipimo cha wakati ndicho tunachokisahau. Watu wengi wanaamini kwamba jambo likishaanza ni lazima liishe. Maji yanaruka ndani, abiria wanashika tasbihi, na nahodha anaona aibu kugeuza. Lakini kugeuza katikati ya mkondo ni tendo jipya, lina hesabu yake peke yake. Ni hivyo hivyo kwa aliyeanza kusimulia habari za nyumba ya mtu barazani: anaweza kukata sentensi katikati. Watu watamshangaa kidogo, kisha wataendelea na kahawa yao.

Kipimo cha baada ndicho kinachotukosesha wengi usingizi tukikitumia kwa haki. Tuseme boti imefika salama. Abiria wanashuka, wanamsifu nahodha, "fundi wa bahari huyo." Siku nyingine, nahodha mwingine mwenye mzigo ule ule na upepo ule ule anapigwa na wimbi, watu wanazama. Huyu wa pili tunamlaani, yule wa kwanza tunampa kahawa. Ukifuata mafundisho ya kusudio, wale wawili walifanya jambo moja, ila mmoja bahari ilimsitiri. Kwa hiyo aliyefika salama anayo kazi ya kufanya usiku ule, na kazi hiyo haipungui kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwa upande wa pili, nahodha aliyepakia kwa kipimo, mwenye jaketi za kutosha, akapigwa na dhoruba ya ghafla, hafanani nao hata kidogo, ingawa msiba wake ndio unaoweza kuwa mkubwa kuliko wote.

Jizoeze kujiuliza swali hili mara kwa mara: ni lipi nililofanya ambalo halikuleta balaa kwa bahati tu? Jiko la gesi uliloliacha limewaka. Ujumbe uliosambaza bila kujua kama ni kweli, kisha ukapotea bila kumfikia mwenyewe. Gari uliloendesha ukiwa na usingizi kwenye barabara ya Garsen. Hayo hakuna atakayekushtaki kwayo.

Hatua ya 2: Tenganisha lako na lililokufika

Hapa ndipo karma ya barazani hufanya ukatili. Mama amezaa mtoto mwenye ulemavu, na kabla arubaini haijafika wameshatokea wa kuuliza kwa sauti ya chini, "Sijui walimkosea nani." Kijana amepata kifafa, wanakumbushana dhambi za babu yake. Tuna na methali ya kumalizia: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Buddha aliwahi kuulizwa na mtu aitwaye Sivaka: je, ni kweli kwamba kila anachokihisi mtu, raha au karaha, kimetokana na matendo yake ya zamani? Akamjibu kwamba wanaosema hivyo wamevuka mpaka wa kinachojulikana. Akahesabu visababishi vinane vya maumivu: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa na mwingine, na karma. Karma ni moja katika nane. Utabibu wake ni wa zamani, lakini mgawanyo wenyewe bado unafaa. Na Mwislamu anayependa kumsomea mgonjwa aya ya msiba kutokana na yaliyochumwa na mikono amkumbuke pia Nabii Ayubu, ambaye mateso yake hayakuwa malipo ya dhambi yoyote.

Likikufika jambo, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Mkono wangu ulikuwemo? Niliweza kujua? Niliweza kuzuia? Majibu yote yakiwa hapana, limekufika tu: lia, tafuta tiba, omba dua, na usikubali kuulizwa zaidi ya hapo. Jibu likiwa ndiyo kwa moja au zaidi, una fungu lako, na fungu hilo tu ndilo unalobeba. Kuubeba mzigo usio wako nako ni kosa, hata kama kunafanana na unyenyekevu.

Mara nyingine aliyedhuru hana sura. Bandari mpya ya Lamu ilipoanza kuchimbwa, wavuvi walipoteza maeneo ya kuvulia na mikoko ikakatwa. Wakaazi walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ingekuwa kila kinachomfika mtu ni karma yake, wavuvi wale wangeshauriwa wakachunguze maisha yao yaliyopita. Walichunguza taratibu za idhini ya mradi.

Lakini kudhulumiwa hakukufanyi malaika. Mvuvi yule yule mwenye haki dhidi ya bandari anaweza kuwa anavua kwa juya, uvuvi uliokatazwa kisheria, akizoa samaki wachanga ambao mwanawe angewavua baada ya miaka michache. Fungu moja halifuti jingine. Yaandike kwenye kurasa mbili.

Hatua ya 3: Mrudishie mwenyewe haki yake

Ukishajua lililo lako, kazi ngumu ndiyo hii, na wengi huishia mlangoni pake. Sharti za toba tunazifundishwa tangu chuoni: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mtu, uirudishe au akuhalalishie. Hiyo ya nne ndiyo tunayoipita mbio. Katika hadithi mashuhuri ya muflisi, Mtume (s.a.w.) anamtaja mtu atakayekuja Kiyama na sala, funga na zaka zake, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule, na mema yake yatagawiwa kwao mpaka yaishe. Hapo muflisi hakupungukiwa na ibada. Ana wadai.

*Mali.* Fanya hesabu kwanza, peke yako, kwa kalamu. Usiende na "takriban". Kisha nenda mwenyewe, usitume mtoto, wala usingoje mkutane arusini. Ukifika, litaje kosa kwa jina lake. Maneno "kama kuna mahali nimekukosea" hayafai hapa, kwa sababu unajua ni mahali gani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Amu, mwaka juzi nilikuuzia korija tano za boriti. Kila korija nilitia kumi na nane badala ya ishirini. Ni boriti kumi. Nimekuja na pesa zake kwa bei ya leo."

"Mwanangu! Mbona hukusema siku ile?"

"Tamaa, Amu. Sina la kuongeza."

Hilo "sina la kuongeza" ni muhimu. Ukianza kueleza kwamba karo ilikuwa imekubana na tajiri wa boriti naye alikupunja wewe, umemgeuza uliyemdhulumu kuwa mshauri wako, na itambidi akutulize. Akitaka kujua zaidi atauliza.

Kwa nini bei ya leo? Kwa sababu boriti zile angezijengea mwaka juzi. Pesa ya mwaka juzi leo hainunui boriti kumi.

Kama huna zote, sema unachoweza kila mwezi, mkiandike, na utume kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki pande zote mbili. Awamu ndogo isiyokatika inamfaa kuliko ahadi kubwa ya mwezi ujao. Akikataa kusamehe, mlipe vilevile. Msamaha ni wake, deni ni lako, na kimoja hakimsubiri mwenziwe.

Mwenyewe akiwa amefariki, haki ni ya warithi. Wapo wanaopenda kuukwepa mlango huu kwa kupeleka pesa msikitini, kununua mazulia au feni, na majina yao yakatajwa kwenye kipaza sauti. Zulia lililonunuliwa kwa pesa ya mayatima ni la mayatima. Tukizika tunauliza mbele ya jeneza nani anamdai maiti. Jiulize pia maiti anadai nini kwako.

*Heshima.* Pesa inahesabika, jina la mtu halihesabiki. Kanuni ya kazi ni moja: safisha pale pale ulipochafua. Kama ulimzulia mtu barazani mbele ya watu saba, kumwomba radhi faraghani hakutoshi. Rudi kwenye baraza ile na useme, "Lile nililosema juu ya fulani halikuwa kweli." Kama ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, andika kwenye kundi lile lile. Kufuta ujumbe si kuurudisha.

Yako mazingira ambayo wanazuoni wenyewe wametofautiana: umemsengenya mtu naye hajui kabisa, na kumwambia kutamchoma upya. Wako wanaosema mwambie, na wako wanaosema usimfungulie kidonda, bali mtaje kwa mema aliyonayo pale pale ulipomtaja kwa mabaya, na umwombee. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ila kwa sharti moja: usiseme unamhurumia yeye ikiwa unaihurumia sura yako.

*Asiyeweza kukusamehe.* Lamu hatuwezi kuzungumza haki bila kumtaja punda. Saruji, mchanga, mawe ya matumbawe, mitungi ya gesi: mji huu umejengwa juu ya mgongo wake. Tuna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na Wajaini wangekaa nasi hapo bila ubishi. Punda hapokei radhi ya maneno. Anayetaka radhi yake apunguze mifuko, aondoe shogi (matandiko ya kubebea mizigo) linalochubua, ampeleke kwenye kliniki ya punda iliyopo mjini, na ampumzishe mpaka kidonda kifunge, hata kama ni msimu wa ujenzi. Hasara ya siku hizo ndiyo malipo yenyewe. Kanuni hiyo inafika kwa mtoto mchanga, kwa mgonjwa wa akili, na kwa mkoko uliokatwa: palipokosekana wa kusamehe, kinachobaki ni kutengeneza.

*Asiyejulikana.* Ulimlipisha mgeni safari ya jahazi mara tatu ya bei, naye amesharudi kwao. Anza kwa kumtafuta. Pengine namba yake bado iko kwenye simu yako, na mshtuko wake wa kurudishiwa pesa kutoka Lamu utakuwa hadithi ya kijiji chake. Ukishindwa kabisa, itoe sadaka kwa niaba yake. Na ubandike bei.

Hatua ya 4: Ongeza maji

Kuna makosa yasiyorudishika kikamilifu, na mtu anaweza kukwama akijitafuna. Buddha alitoa mfano wa bonge la chumvi. Ukilitia katika kikombe cha maji, hayanyweki. Ukilitia bonge lile lile katika mto Ganges, hutaihisi. Kwa maana hiyo kosa moja, kwa mtu mwenye maisha finyu na moyo mdogo, hukolea kila kitu, na kwa mtu aliyepanua maisha yake kwa wema halikolei namna ile. Sisi tunaokunywa maji ya visima tunamwelewa haraka. Maji ya mji huu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, ambako mvua hujikusanya juu ya maji ya bahari. Yakipungua, chumvi hupanda.

Kwa vitendo: chagua jambo moja la kheri linalojirudia, lisilokuletea sifa, na ulibebe kwa muda mrefu. Kumsomea barua na jumbe mzee asiyeona. Kuokota plastiki pwani. Kumfundisha hesabu mtoto wa jirani. Maji haya hayalipi deni la boriti. Hiyo ni hatua ya 3 na haina njia ya mkato. Kazi yake ni kwa chumvi iliyobaki baada ya kulipa.

Hatua ya 5: Usisubiri matunda

Bhagavad Gita, andiko jingine la Kihindu, katika sura ya 2, inamwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake ni juu ya kutenda, si juu ya matunda ya tendo, na hapo hapo inamkataza asikimbilie kutotenda. Sisi tunasema tenda wema nenda zako.

Ni rahisi kutamka. Lakini siku hizi wema unauzwa kama hisa: toa elfu moja, itarudi elfu kumi. Isiporudi mtu anaudhika na Mungu. Ukitaka kujua umesimama wapi, toa kitu kwa mtu atakayesahau, kisha ujiangalie wiki nzima. Ukikuta unapita mtaani kwake ili akuone, tunda bado unalo mkononi.

Hatua ya 6: Ukidhulumiwa wewe

"Namwachia karma" ni sentensi nzuri kwa mtu aliyekwisha kufanya alichoweza. Kwa wengine ni uvivu, au woga. Tunasema malipo ni hapa hapa duniani, lakini mara nyingi lazima awepo mtu wa kupeleka shauri. Dhalimu asiyezuiwa anaendelea na wa baada yako, na kumwacha aendelee hali unaweza kumzuia kunaingia kwenye hesabu yako wewe.

Anza na mtu mwenyewe, mbele ya shahidi mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Ikishindikana, wazee wa mtaa. Mirathi, ndoa na talaka baina ya Waislamu, nenda kwa Kadhi. Mahakama zake zimo ndani ya Katiba ya Kenya. Deni la biashara au mali isiyozidi shilingi milioni 1 lina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, ambayo hukumu zake zinatakiwa kutoka ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba risiti, jumbe na kumbukumbu za M-Pesa. Kilio bila karatasi hakifiki mbali.

Ukishinda, chukua chako na uishie hapo. Wazee walisema Mgala muue na haki yake umpe. Methali hiyo ni ya zama za vita, na makali yake yanasikika, lakini ilichodai ni kikubwa: hata adui ana kitu ambacho ushindi wako haukupi ruhusa ya kukichukua. Usiongeze gharama zisizokuwepo, usimsambaze mitandaoni akishalipa, usiwaingize wanawe.

Na hasimu wako akianguka bila wewe kumgusa? Mkono utataka kuandika "karma". Hapo rudi hatua ya 1, kipimo cha kabla. Hujui kama ni malipo, ni upepo wa majira, au ni kushambuliwa na mwingine. Kitu pekee unachokijua ni kwamba furaha ile ni yako, imo ndani yako, na inakufinyanga. Kama duka lake linaungua, beba ndoo.

Hatua ya 7: Hesabu ya usiku na radhi ya mwaka

Usiku, baada ya Isha au wakati wowote uliotulia, pitia siku kwa watu, usiipitie kwa saa. Nani nimekutana naye, na ameondoka na nini kutoka kwangu? Ukipata jina linalokwama, liandike. Usiandike maelezo marefu, hayo hugeuka utetezi. Jina, kitu, siku ya kulipa. Ukikuta majina ni yale yale kila usiku, shida si siku mbaya.

Kwa mwaka, Wajaini wana desturi nzuri. Wakihitimisha siku zao za mfungo wa Paryushana, kati ya Agosti na Septemba, kila mmoja huwaomba radhi ndugu, majirani na washirika wa biashara kwa alilowakosea kwa kujua na kwa kutojua. Sisi tunayo pia: anayekwenda Hija huzunguka mji akilipa madeni na kuomba radhi, na Shaaban ikiisha watu husameheana. Tatizo ni kwamba aendaye Hija huomba mara moja katika umri, na ya Shaaban imekuwa picha yenye maua inayotumwa kwa kila aliyemo kwenye simu.

Basi fanya hivi. Wiki mbili kabla ya Ramadhani toa daftari lako. Anza na walio chini ya mamlaka yako, kwa sababu wao hawawezi kukudai: msichana wa kazi, kibarua, mwanao, mkeo. Kwa msichana wa kazi kagua mshahara kwanza, miezi iliyochelewa na siku za mapumziko alizonyimwa, ulipe, ndipo uombe radhi, si kinyume chake. Kwa mtoto, taja tukio moja analolikumbuka, usiombe radhi ya jumla; watoto wanaijua tofauti. Kisha majirani, kisha washirika wa biashara, na mwisho yule ambaye jina lake umeliruka mara mbili ukisoma orodha hii. Walio mbali wapigie simu, na kama hawapokei, waachie ujumbe wa sauti unaotaja jambo lenyewe.